Pumzi ya Mheshimiwa na Kilima cha Bi Kidawa

“Mlima!”

“Mlima wa shangazi yako! Hiki ni kilima, na kilikuwa kilima wewe bado unabebwa mgongoni.”

“Nasema mlima, Bi Kidawa. Na Mheshimiwa akishapanda, utauita mlima kwa mdomo wako huo huo.”

“Mdomo huu? Thubutu! Ukitaka mlima, kajenge wako uani kwako, Ngwali!”

Hivyo ndivyo nilivyoingia nchi ya Mtajo, katikati ya maneno ya watu. Nilifikaje huko si kazi ya hadithi hii. Safari zote ni vumbi na miguu kuuma. Nilichokiona kwanza ni mwanamke wa makamo, mnene, mwenye haiba, amejitokeza nusu dirishani kule juu, mwiko mkononi. Chini yake, kwenye kizingiti cha nyumba ya wageni, alisimama mzee mwembamba, ndala moja iko mguuni, nyingine ameishika kama mtu anayetafuta pa kuirusha. Kati yao ulikuwapo mteremko wa majani na mbuzi. Mbuzi walikuwa wanakula, hawajui kama wanakula mlima au kilima.

Mimi penye ugomvi wa majirani sina haraka. Nikatua mzigo wangu, nikaegemea ukuta.

“Mgeni,” yule mzee akaniita, “wewe umetembea nchi za watu. Tazama hapo juu, useme kweli. Unaona nini?”

“Naona mwinuko,” nikajibu.

Bi Kidawa akashika kichwa. “Usiseme hivyo njiani, mwanangu,” akanionya kutoka kule dirishani, na adui yake akatikisa kichwa kukubaliana naye. “Hapa kwetu kitu hutajwa kwa cheo chake. Kuna mtu alisema ‘mahali pale,’ wakamfungia chumbani mpaka akakumbuka ni mahali gani.”

Nikachukua chumba kwa Mzee Ngwali, maana ndiyo nyumba ya wageni pekee mtaani, na jioni hiyo hiyo nikapanda kwa Bi Kidawa kutafuta habari. Nilizipata, na chakula juu yake.

Watajo ni watu wakarimu, wapenda harusi, na wanaamini kwamba ardhi ina vyeo kama watu. Mlima ni mkubwa wako: ukipita chini yake unavua kofia, unasema shikamoo. Kilima ni rika lako, hujambo inatosha. Kichuguu hakisalimiwi. Juu ya mlima haruhusiwi mtu kulala, wala kupika, wala kuanika nguo, kwa kuwa ni utovu wa adabu kumwanikia mkubwa kanga kichwani. Juu ya kilima jenga upendavyo.

Maji nayo yana heshima zake. Kijito huvukwa kwa kuruka, mto huvukwa kwa chombo. Nilipelekwa kuuona mto wao mkubwa wakati wa kiangazi. Umekauka, mchanga mtupu, watoto wanacheza mpira katikati. Lakini jina lake lilikuwa halijavuliwa, kwa hiyo abiria walikuwa wamekaa ndani ya mtumbwi, wametulia na vikapu vyao, na wapiga kasia wameubeba mtumbwi mzima mabegani, wanavusha kwa miguu. Nahodha, jasho likimchuruzika, aliniambia kazi ilikuwa nyepesi zaidi zamani, maji yalipokuwapo. Mama mmoja humo ndani alikuwa anamwonya mwanawe asiinamie pembeni asije akazama.

Mbele ya soko lao kuna maji yaliyotuama ambayo mimi ningeyaita dimbwi na kuyaruka. Ni ziwa. Lina waziri wake, lina walinzi wa samaki, na samaki wenyewe bado wanasubiriwa. Upande wa magharibi nilionyeshwa msitu uliokatwa ukaisha zamani za babu zao. Umebaki uwanda mweupe usio hata na kisiki. Wanaoukatiza hushikana mikono wasipoteane. Na juzi tu, wakaniapia, mtu alipotea humo.

Nikauliza nani huamua vyeo hivi. Wakanitazama kama nimeuliza nani huamua jua litoke.

“Mheshimiwa Kipimo,” wakasema. “Nani mwingine?”

Watajo hawaamini kamba wala fimbo za kupimia. Kipimo chao ni mtu mmoja, na mwili wake ndio sheria. Anachopanda akasimama kutweta kabla ya kufika juu, ni mlima. Maji yakimfika gotini ni mto, yakiishia kwenye kifundo cha mguu ni kijito. Lile la sokoni aliteleza akaanguka kifudifudi, akalowa mpaka kidevuni. Waliokuwapo wanasema alipiga baragumu kutangaza ziwa kabla hata hajainuka.

Kipimo wa kwanza alikuwa mtu mkavu, wa kutembea, na enzi zake nchi nzima ilikuwa na mlima mmoja, na huo nao alisema ana mashaka nao. Huyu wa sasa, Mheshimiwa Hamdani, alianza vizuri. Lakini kila anapopima hulishwa, na kila anapolishwa milima huongezeka. Mwaka aliopata kikohozi, ngazi za kupandia ofisini kwake zilipandishwa cheo zikawa mlima, na tangu hapo ofisi imefungwa, maana juu ya mlima haruhusiwi mtu kukaa. Watajo hawaoni tatizo. “Nchi inakua,” walikuwa wananiambia kwa fahari. “Babu zetu walikuwa na mlima mmoja. Leo tazama!”

Nilihudhuria hata baraza lao. Binti mmoja alisimama na kamba yenye mafundo, akasema kwa adabu kwamba kamba haibadiliki, hainenepi wala haikohoi. Mjumbe wa mbele akainuka taratibu. “Kamba haichoki,” akasema. “Kitu kisichochoka kitaujuaje mlima?” Ukumbi ukapiga makofi. Mwingine akauliza kwa nini wasiulizwe tu wanaoishi pale. “Hao wamezoea,” akajibiwa. “Aliyezoea atatoa ushahidi gani?” Makofi yakazidi, na mimi mwenyewe nikajikuta napiga kabla sijajua nashangilia nini.

Basi turudi kwa majirani wangu. Nyumba ya Bi Kidawa ilikuwa juu kabisa, na pale juu pakiitwa mlima, nyumba ingebomolewa siku hiyo hiyo, na yeye apelekwe kwenye tambarare za mbali ambako hapiti mtu. Sasa huyu si mwanamke wa kuishi ambako hapiti mtu. Mlangoni kwake viatu vilikuwa havihesabiki. Mtu alikuja kuomba chumvi, akaondoka ameshiba na chumvi ameisahau. Nani kaoa, nani kaachwa, nani kavaa kiatu cha kuazima, yote yalijulikana pale kabla wenyewe hawajayajua.

“Nitakwenda wapi mimi, mgeni?” aliniuliza siku moja, akichagua mchele kwenye ungo. Mkono ukasimama. “Humu nimezaliwa, humu nimezalia. Kule nitampikia nani, kunguru?” Ndiyo mara pekee niliyomwona hacheki.

Na Ngwali? Ngwali hakuwa mtu mbaya. Sheria ya Mtajo inampa anayeishi chini ya mlima cheo cha Mlinzi, na Mlinzi hukaa mbele kwenye kila harusi, na sahani ya kwanza ni yake. Mzee wa watu alikuwa amekaa nyuma maisha yake yote, karibu na mabeseni ya kuoshea vyombo, akirushiwa maji mgongoni na sahani yake ikifika kipilau kimebaki cha ukoko. Alichotaka ni kiti cha mbele tu. Ndiyo maana alikwenda mwenyewe kumwalika Mheshimiwa aje apime.

Kabla ya hapo Bi Kidawa alikuwa akimteremshia chakula kila siku, kimefunikwa kwa kawa. Aliposikia habari za mwaliko, kawa halikushuka tena. Ngwali akaanza kujipikia, na mimi mpangaji wake nikala alichopika. Uji wake ulikuwa na mabonge ya kuamkiwa.

Siku ya kupima mtaa mzima ulitoka. Mheshimiwa Hamdani aliletwa kwa kiti mpaka chini, akateremshwa polepole, akajifuta uso kabla hajafanya chochote. Karani wake akasoma masharti kwa kichwa, kwa sauti ya kuimba: Mheshimiwa apande kwa miguu yake. Asisukumwe, asivutwe, asishike fimbo. Akisimama kupumua njiani, ni mlima. Akifika juu bila kusimama, ni kilima. Akifika juu na asijue kama amepanda, ni tambarare. Hapo watu wakacheka, maana hilo la mwisho halikuwahi kutokea.

Bi Kidawa alikuwa ameshuka kusimama na jirani yake, kama desturi inavyotaka, mmoja kulia kwa Mheshimiwa, mmoja kushoto. Mheshimiwa akautazama mteremko, akaguna. Ngwali akatabasamu. Uso wa Bi Kidawa ulikuwa umesawijika.

Wakaanza kupanda. Walikuwa hawajafika walipo mbuzi, Mheshimiwa akaanza kuhema.

“Jikaze, Mheshimiwa,” Ngwali akasema kwa upole wa kinafiki. “Au pumzika. Ukipumzika hakuna atakayekulaumu. Mimi nitakuwa Mlinzi, nitakuwekea kiti karibu yangu kwenye harusi zote.”

“Harusi!” Bi Kidawa akaruka. “Wewe na harusi! Mtu aliyetoka kwenye harusi ya binti yangu na mguu wa mbuzi ndani ya koti!”

Mheshimiwa, aliyekuwa ameshaanza kusitasita, akageuza shingo. “Mguu wa mbuzi?”

“Mzima, Mheshimiwa! Wa nyuma!”

“Mwongo huyu!” Ngwali akasema, akapiga hatua mbele amkabili vizuri. Mheshimiwa naye akapiga hatua, asipitwe na jambo. “Mguu ulikuwa wa mbele!”

“Kumbe ulikuwapo!”

Sisi tuliokuwa nyuma tulikuwa tunasukumana kusikia. Wakaufikia ule mkunjo wa njia ambapo mteremko unasimama kama ukuta. Hata mimi kifua kilikuwa kinabana. Mheshimiwa akapunguza mwendo, akafungua mdomo, mkono ukaanza kwenda kiunoni. Ngwali aliona. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, na mlima ungekuwa wake. Nilimwona anajiuma midomo mpaka ikawa myeupe.

“Na sijasema,” Bi Kidawa akaongeza, kama anayejisemea, “alikuwa jikoni na nani.”

“Nani?” akauliza Mheshimiwa. Mguu ukanyanyuka.

“Mwulize mwenyewe. Mimi sitaki kumwaibisha mzee wa watu.”

Kama alifanya kwa makusudi au ni ulimi wake tu ulivyozoea, mimi sijui, na nimelifikiria sana. Ngwali akashika mdomo kwa mkono. Mkono ukaanguka wenyewe.

“Nilikuwa na Mwanamtama, mpishi!” akapiga kelele, akipanda kwa hasira, na Mheshimiwa akipanda kumfuata. “Na sikuiba! Nilikuwa nimeushika ule mguu, ananituma niupeleke kwenye sinia, nikasahau kama nimeushika!”

“Mtu husahau mguu wa mbuzi?” Mheshimiwa akauliza, macho yamemtoka, miguu inakwenda.

“Anasahau, Mheshimiwa! Nilikuwa naposa!”

Kule nyuma mtu akasema toba. Bi Kidawa mwenyewe alikuwa hajui hilo. Mdomo ulibaki wazi.

“Ukaposa? Na mguu mkononi?” Mheshimiwa alikuwa sasa mbele ya wote, anarudi kinyumenyume ili asikose uso wa Ngwali. “Akasemaje? Sema, bwana, akasemaje?”

“Alisema,” Ngwali akajibu, sauti ikimkauka, “nirudishe mguu kwanza. Nikaona haya. Nikaenda nao nyumbani.”

Mheshimiwa Hamdani akacheka mpaka akaketi. Aliketi kwenye baraza ya Bi Kidawa. Akacheka tena, akajifuta macho, kisha akatazama huku na huku, akauliza, “Ehe, tuendelee. Huo mlima wenyewe uko wapi?”

Karani akakohoa kidogo, akakumbusha sharti la mwisho. Mheshimiwa ni mtu wa sheria. Akasimama, akachukua baragumu, akapuliza, akatangaza: “Tambarare!”

Vigelegele vilipaa. Wanawake wakamzunguka Bi Kidawa, mwingine akakimbilia ndani kupakua. Tambarare hujengwa, hupikwa, huanikwa nguo. Hakuna wa kumgusa tena. Bi Kidawa alikuwa anacheka na machozi pamoja.

Halafu karani, ambaye hana sherehe moyoni, akauliza: “Na pale chini, Mheshimiwa? Kama hapa ni tambarare, pale kwa Mzee Ngwali panaitwaje?”

Tukageuka wote kutazama. Nyumba ya wageni ilikuwa mbali kule chini, paa lake dogo kama kifuniko cha sufuria. Mheshimiwa akakuna kidevu. Karani akaisoma sheria: kilicho chini ya tambarare ni bonde au ni shimo. Mtu ateremke humo aite. Kipimo akimsikia ni bonde, watu wakae. Asipomsikia ni shimo, na haifai kumwacha mtu aishi shimoni. Nyumba hubomolewa kwa kumhurumia.

Ngwali mwenyewe ndiye aliyemwalika Mheshimiwa. Akateremka mbio, ndala zikimponyoka, na sisi tukapanga mstari ukingoni. Alipofika kizingitini kwake akageuka, akaweka mikono mdomoni, akaita. Tuliona mdomo unafunguka. Sauti haikufika. Alikuwa ameimaliza yote njiani, kwenye mguu wa mbuzi.

“Sisikii kitu,” akasema Mheshimiwa, mkono nyuma ya sikio.

Ngwali akaita tena, akiinama kwa nguvu. Upepo tu. Nikaona anashika nguzo ya mlango wake, kama mtu anayeshika mkono wa ndugu kituoni.

Mheshimiwa, kwa huzuni ya kweli, akanyanyua baragumu. Midomo ilikuwa imeshagusa.

“Subiri kwanza,” akasema Bi Kidawa. Alikuwa ametoka jikoni, upawa mkononi unadondosha mchuzi. Akatusukuma, akasimama ukingoni kabisa, akavuta pumzi ya kifua kile kinachomwita mtoto kutoka mtaa wa tatu.

“Ngwaliii! Chakula tayari! Njoo ule!”

Yule mzee alisimama wima. Hajaitwa kula tangu mwaliko ule. Na kutoka kule chini, kwenye tumbo lililokuwa limeishi kwa uji wa mabonge, ikapanda sauti iliyowafanya mbuzi wainue vichwa, na nahodha wa mto mkavu aliniambia baadaye kwamba aliisikia:

“Nakujaaa!”

Mheshimiwa akashusha baragumu, akalifuta mdomo, akalipuliza upya. “Bonde,” akatangaza. “Tena bonde zuri.”

Ngwali alipanda bila kusimama. Alipofika mlangoni akakuta viatu vimejaa, watu wamejaa, na Mheshimiwa ameshakaa jamvini anauliza kama huyo Mwanamtama bado hajaolewa. Mzee akabaki kizingitini, anatafuta pa kuweka ndala zake, anatafuta pa kuweka uso wake. Mkeka wa nyuma, karibu na mabeseni, ulikuwa na nafasi, na miguu yake ilikuwa imeshaanza kwenda huko kwa mazoea.

“Wapi huko?” Bi Kidawa akamwita. Akasogeza watu wa mbele kwa nyonga, akaweka sahani, juu yake mguu wa mbuzi. “Ingia, bwana. Kaa hapa mbele ule, chakula kinapoa.”